Wimbo Uliosubiri Udongo Ulainike

Dada Gunvor,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinizidi umri, na sikufundishwa kumwandikia mkubwa bila kumwamkia. Desturi ya barua ingenitaka pia nikuulize hali. Nimeacha. Kwa mtu aliye mahali ulipo swali hilo halina maana, nami sijawahi kupenda kuandika sentensi isiyo na maana kwa sababu tu ni desturi.

Tumekuzika jana. Ulifariki Januari, tumekuzika Mei. Nikiitazama sentensi hiyo naona kwetu Tanzania ingedhaniwa kuwa mwandishi amekosea mwezi. Lakini wewe unaijua nchi hii ya Kiingereza na theluji kuliko mimi. Makaburi ya kanisa la kijijini kwa wakwe zako hayachimbwi ardhi ikiwa imeganda, na mwaka huu iliganda kama saruji. Ukawekwa mahali pa kuhifadhia, nasi tukangoja.

Nimechoka. Ninaandika nikiwa mezani kwa binti yangu Upendo hapa New Hope. Yeye yuko kazini, wajukuu wako shuleni, nyumba imetulia. Mabega yananiuma na chini ya kucha zangu bado kuna udongo wa jana ambao maji na sabuni havijauondoa. Nitakueleza ulifikaje hapo, lakini kwa utaratibu.

Kwanza mabadiliko. Nyumba yako ya Golden Valley imeuzwa. Binti yako Karin aliitoa vitu mwezi wa Machi, akatuletea kanisani masufuria yako na ile kanga ya zamani uliyokuwa ukifunikia mkate. Jumamosi zangu zimebaki tupu. Kwa wiki kadhaa niliendelea kuvaa koti na viatu baada ya kifungua kinywa, kisha nikakaa sebuleni nimevaa hivyo hivyo, mpaka Upendo akaniuliza, "Baba, unakwenda wapi?" Nikamwambia sijui. Ibada ya Kiswahili ya Jumapili mchana inaendelea. Kiti chako katika sauti ya pili hakuna aliyekikalia, si kwa sababu ya heshima tu, bali pia kwa sababu watu wamepungua. Zamu za hospitali zinawala.

Nakumbuka siku ya kwanza uliponisemesha, baada ya ibada, kwa Kiswahili cha Mbulu. Ulizaliwa huko, mama yako Mnorwei akiwa mkunga wa misheni, ukaondoka ukiwa na miaka kumi na sita. Hivyo ulikuwa bibi wa miaka sabini na zaidi mwenye Kiswahili cha msichana. Kilisimama pale ulipokiacha. Ulitaka nikisahihishe, nami nikakisahihisha bila huruma kwa kalamu nyekundu, kama nilivyowasahihisha wanafunzi wangu wa sekondari maisha yangu yote. Ulicheka. "Mwalimu, wewe na kalamu yako! Hata malaika akikuletea ujumbe utamwonyesha makosa." Badala ya ada ukasema utanifundisha Kinorwei. Sikuwa na haja nacho. Nilikubali kwa sababu mtu aliyefundisha sarufi hawezi kukataa kuona sarufi nyingine ikifunguliwa mbele yake.

Ukanifundisha kwa kuku.

Sikupenda mwanzoni. Nilizoea ubao. Lakini uliweka kuku mzima juu ya kibao cha jikoni, ukashika kisu, ukasema maneno marefu ya Kinorwei yako hivi: yana viungo, na anayekata hukata kwenye kiungo, si popote kisu kinapotua. Jirani yenu wa Mbulu ndiye aliyekufundisha kumkata kuku hivyo, na mpaka uzeeni hukuweza kumvumilia mtu anayepasua mfupa. "Sykehus," ulisema, ukatenga paja. Syk ni mgonjwa, hus ni nyumba, hospitali. Ile e katikati haina maana yake peke yake. Ni gegedu. Inashikilia pande mbili, na ukikata inabaki na kipande cha kwanza: syke, kisha hus. Katika arbeidsdag, siku ya kazi, gegedu ni s, nayo hubaki na arbeid. Nikauliza ni kanuni gani inayoamua mahali pa kutia e, mahali pa kutia s na mahali pa kutotia kitu. Ukasema mara nyingi ni mazoea tu. Nilikasirika. Ukaniwekea filigisi kwenye sahani, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mzee mwanamume mezani, ukasema nile, hasira itapungua.

Nilijifunza mengine kwa utaratibu nilioutaka. Kwetu mkuu hutangulia. Mwanajeshi ni mwana, na jeshi hufuata kueleza ni mwana wa namna gani. Kwenu mkuu hukaa nyuma kabisa, na wote waliomtangulia ni wapambe. Sykehus kwanza na mwisho ni nyumba. Jinsia ya neno zima huamuliwa na yule wa mwisho, hata wapambe wawe wanne. Halafu kugawa silabi: kwanza kata kwenye viungo, kisha gawa kila kipande peke yake kana kwamba hakijui jirani yake. Ndani ya kipande, konsonanti moja iliyo kati ya irabu mbili huenda mbele na irabu inayofuata. Zikiwa mbili, zinaachana. Barnebarn, mtoto wa mtoto, yaani mjukuu: kwanza barne na barn, kisha bar-ne-barn. Solnedgang, machweo: kwanza sol, ambalo ni jua, na nedgang, mwendo wa kushuka, na hilo nedgang nalo lina kiungo chake.

Uliniambia vijana wa Norwei siku hizi huyaandika maneno hayo mbalimbali kwa kuiga Kiingereza, wakaacha nafasi pasipo na nafasi. Tukasikitika pamoja kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa moja ya Jumamosi zetu nzuri.

Kisha ukaugua, na wimbo ukaja.

Mama yako aliutunga mwenyewe, wimbo wa kulazia watoto, huko Mbulu. Haukuwahi kuchapwa. Norwei hakuna aujuaye. Ndugu zako wamekufa. Wanao hukuwafundisha Kinorwei. Ulisema siku zile mtoto alichekwa shuleni kwa lugha ya nyumbani, nawe ukawaonea huruma. Ulinishika mkono, na mkono wako ulikuwa umepungua, ukasema, "Usikubali nishushwe kimya, Mwalimu. Wala kwa wimbo wa Kiingereza. Wa mama ukizikwa na mimi umekwisha." Nikasema kwaya yetu itauimba. Nilitoa ahadi kwa niaba ya watu waliochoka bila kuwauliza.

Basi wewe ukaimba ukiwa umelala, na Zakayo, kiongozi wetu, ambaye mchana hutengeneza mashine za hospitali na jioni hutengeneza sauti zetu, akaandika nota zake za do-re-mi. Mimi nikaandika maneno chini ya nota, silabi kwa silabi, na vistari katikati. Tulimaliza beti mbili. Wa tatu niliugawa peke yangu baada ya wewe kwenda, kwa kufuata viungo.

Siku ulipofariki tulikwenda Golden Valley kama inavyopasa, na vyungu vya pilau, maandazi na mikeka. Karin alifungua mlango akatuangalia. Alidhani tumekosea siku. Alisema kwa upole sana kuwa ibada ya kukuaga itakuwa Jumamosi, na kwamba maua yanaweza kupelekwa moja kwa moja kanisani. Mama Njeri, yule nesi wetu wa kutoka Nyeri, akamwambia kwa Kiingereza kwamba hatukuleta maua, tumekuja kukaa. Karin akauliza, kukaa mpaka saa ngapi? Tukakaa. Karin akaenda akarudi na kahawa, tena na kahawa, mpaka mwishowe akaketi nasi mkekani akiwa amevaa soksi, akala pilau.

Ibada ya kukuaga ikapita kwa utaratibu wao, na programu iliyokwisha kuchapwa. Wimbo wako haukuwamo. Nilijiambia wimbo ni wa kaburini.

Kisha kungoja. Sijui nikueleze vipi. Kwetu mtu akizikwa, matanga huanuliwa, na waliobaki hurudi kazini wakiwa na ruhusa ya kucheka tena. Sisi hatukuwa na ruhusa hiyo. Mama Njeri alikataa kusuka nywele. Zakayo alikuwa akitazama nje kila asubuhi na kusema, "Bado Dada yuko kwenye friji," mpaka nikamkataza kulisema neno hilo. Theluji iliyeyuka, ikaanguka tena Aprili. Nilianza kuichukia kama mtu anavyomchukia mwanafunzi asiyetaka kutoka darasani.

Na mazoezi, Dada. Mazoezi ndiyo yaliyonimaliza.

Unajua kwamba ulimi wetu hutaka kila silabi ifunguke mwishoni. Ulimi wa mama yako hufunga mlango kwa kishindo. Lipo neno katika ubeti wa tatu, barndomshjem. Barn ni mtoto. Dom huligeuza kuwa utoto, kazi ile ile ya u- yetu, ila yenyewe hukaa nyuma. S ni gegedu. Hjem, linalotamkwa yem, ni nyumbani. Nyumbani kwa utotoni. Silabi tatu, nota tatu. Nililiandika wazi: barn-doms-hjem. Kwaya ikaimba ba-ri-ni-do-mu-si-ye-mu. Nota zikaisha wakati sisi tuko katikati ya neno. Zakayo akabaki ameinua mkono hewani.

"Mwalimu," akasema Mama Njeri, "hawa watu wakati wa kugawiwa vokali walikuwa wapi?"

Nikamwambia arudie.

"Nimetoka night shift. Ulimi bado umelala."

"Uamshe. Arudie kila mtu."

"Aki Mwalimu, marehemu alikuwa anatuonea huruma. Wewe hapana."

Ni kweli. Wewe ungecheka. Uliniambia mama yako naye, alipoimba nyimbo za Kiswahili huko Mbulu, alimeza irabu zote za mwisho, na wazee wa kanisa walimvumilia. Lakini mimi sikuahidi kuvumilia. Niliahidi kwamba wimbo hautakwisha, na wimbo ukiharibika nao umekwisha, kwa njia ndefu zaidi. Niliwasimamisha Jumapili baada ya Jumapili. Wengine wakaacha kuja. Sikuwalaumu. Mtu aliyegeuza wagonjwa vitandani usiku kucha hana deni kwa konsonanti za Kinorwei.

Jumatatu ya wiki hii Karin akamwandikia Zakayo ujumbe. Ardhi imelainika, kaburi litachimbwa, mazishi ni Jumatano saa sita mchana. Familia tu. Alikuwa anatuarifu kwa adabu, kwa kuwa ulitupenda, lakini hakutaka kutusumbua.

Zakayo alitusomea kwenye simu. Mama Njeri akasema, "Kutusumbua? Kwani maiti amekuwa mgeni wa nani?" Akalia kwa hasira. Naye Karin, nina hakika, aliandika maneno yale akidhani anatufanyia wema. Hapa kutomwita mtu ni kumhurumia. Kwetu ni kumwambia si wako.

Nilimpigia simu mimi mwenyewe. Kiingereza changu ni sahihi, lakini ni cha darasani, na nilijisikia nikizungumza kama barua ya serikali. Nilimweleza ulichoniomba. Hakujua. Hukumwambia, Dada, na hilo nakulaumu kidogo, maana lilikuwa jambo la kumwambia mwanao. Akauliza, "Ule wimbo wa jikoni?" Nikasema sijui uliimbwa wapi, ila ni wa bibi yake mzaa mama. Akasema, "Njooni."

Lakini Jumatano saa sita mchana, nani anapatikana? Sauti ya nne yote ni madereva. Sauti ya kwanza ilikuwa wodini. Mama Njeri alibadilishana zamu na mwenzake, na kwa ajili hiyo atafanya kazi siku zote za mwisho wa wiki. Zakayo aliomba ruhusa. Mimi sina kazi ya kuombea ruhusa. Tuliondoka watatu kwa gari la Zakayo, mwendo wa saa mbili kati ya mashamba meusi yaliyokuwa ndiyo kwanza yamelimwa. Mama Njeri alilala, kinywa wazi, karatasi ya nota mapajani.

Ulikuwapo upepo. Kulikuwa na hema dogo, zulia la kijani la plastiki limefunika kifusi ili udongo usionekane, mchungaji kijana, Karin na mumewe, na wazee wachache wa kanisa lile. Majina juu ya makaburi yote yalikuwa ya Kinorwei, ya wahamiaji wa zamani, na hakuna aliyesimama pale ambaye angeweza kukisoma Kinorwei, isipokuwa mimi. Sikulifurahia jambo hilo. Lilinichosha zaidi.

Mchungaji akaomba, jeneza likashushwa, Karin akatutazama. Zakayo akatoa sauti. Mimi nimegawa maneno ya nyimbo miaka mingi lakini sijawahi kuimba mbele za watu. Sauti yangu ni kama kiti kinachovutwa sakafuni. Jana niliimba sauti ya nne kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Tuliimba beti zote tatu. Kveldssang, yaani wimbo wa jioni, ilikatwa palipostahili, esi moja huku na esi moja kule. Katika barndomshjem Mama Njeri alitia irabu zake zote, nami nikasikia wazi, na Zakayo akazisubirisha nota.

Basi. Wale wazee wakasema asante, wakaanza kwenda kwenye magari, maana katika chumba cha chini ya kanisa kulikuwa na kahawa na keki. Kando, mtu wa mashine ya kuchimbia alikuwa amekaa anangoja tuondoke. Nikaelewa kwamba desturi ni hiyo: watu huondoka, mashine hufukia.

Hatukuondoka.

Karin alirudi akauliza kama kuna tatizo. Nikamwambia kaburi liko wazi. Akasema watalifukia. Nikamwambia najua, lakini sisi hatuna mazoea ya kumwachia mtu mwingine mtu wetu akiwa shimoni. Nilisema "mtu wetu" kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza nalo lilisikika sawasawa. Aliniangalia. Kisha akaenda kuzungumza na mtu wa mashine, ambaye alishuka akaleta makoleo mawili nyuma ya gari lake, wala hakuuliza kitu.

Zakayo alivua koti. Akaliondoa zulia lile la kijani, na udongo ukaonekana, mweusi na mzito, bado una mapande ya baridi ndani yake. Tukaanza. Na mtu hafukii kaburi kimya, kwa hiyo tuliimba, na wimbo tuliokuwa nao ni mmoja. Ukaisha kabla mbao za jeneza hazijafunikwa. Tukaanza tena. Ukaisha. Tukaanza tena. Mimi nilishika koleo kwa zamu yangu, na kati ya ubeti wa pili na wa tatu nilimwambia Mama Njeri kwamba neno lile lina silabi tatu.

"Mwalimu," akasema, bila kugeuka, "fukia."

Nikafukia.

Sijui tulikuwa tumeurudia mara ngapi Karin alipomnyang'anya Zakayo koleo. Viatu vyake vilikuwa vyembamba, vikazama. Kwanza alifuata tuni kwa kinywa kilichofungwa. Tuni alikuwa nayo tangu jikoni kwako. Halafu maneno yakaanza kumtoka, moja moja, yale yaliyorudi kila mara mahali pale pale. Wazee wa kahawa walitoka chini ya kanisa wakasimama mlangoni na vikombe vyao. Mmoja wao akaja, akasukuma udongo kwa mguu, kwa kuwa makoleo yalikuwa mawili tu.

Na tulipofika ubeti wa tatu, Dada, mwanao aliimba barndomshjem. Aliimba kwa sauti, juu yako, huku akilia. Ba-ri-ni-do-mu-si-ye-mu. Amelipata kutoka kwa Mama Njeri. Binti wa Gunvor, mjukuu wa aliyeutunga, anaimba lugha ya bibi yake kwa ulimi wa Nyeri, na hajui kwamba kuna namna nyingine.

Sikumsahihisha. Nilikuwa nimeegemea koleo, pumzi imeniishia, na udongo ulikuwa bado haujajaa.

Tulimaliza. Mama Njeri aliusawazisha kwa viganja, akapanda garini, akasema sasa atasuka nywele. Karin alinifuata mpaka mlango wa gari. Aliuliza maneno yale maana yake nini. Nilimwambia nimechoka, sitaweza kumweleza nikiwa nimesimama. Ni kweli nilichoka, na nilikuwa nimejiahidi kwamba ukishazikwa nitapumzika: sitafundisha tena mtu kitu chochote.

Atakuja Jumamosi. Nimemwambia alete kalamu yake, maana sipendi kuazimana kalamu.

Pumzika sasa, Dada. Kaburi limefungwa na watu waliokujua, na wimbo haukushuka nawe. Nakuahidi hivi: nitamfundisha mwanao neno kwa neno, na kila neno kwenye kiungo chake, mpaka aweze kuuimba wote bila sisi. Kama nitakufa kabla hatujafika ubeti wa tatu, Mama Njeri ataendelea kutoka hapo, na itabidi wewe na mama yako mvumilie.

Mwalimu
New Hope